Risasi, Kiasi na Ganda: Historia Fupi ya Istilahi za Bastola

Msomaji wetu mmoja wa Nakwa, katika mji wa Babati, mtumishi wa serikali ambaye kazi yake humlazimu mara kwa mara kufasiri maelekezo ya Kiingereza kwa ajili ya walinzi na mgambo, ametuandikia akiomba msaada juu ya ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo waeleza namna ya kuchagua risasi za bastola zinazofaa kwa kazi ya polisi na kwa kujihami. Anasema kuwa humo mna maneno manne mbalimbali ya Kiingereza, na kila alipotafuta neno la Kiswahili la kulingana na mojawapo, jibu alilolipata lilikuwa lile lile. Rasimu yake ya kwanza ilimletea sentensi isemayo kwamba risasi nzuri ni ile ambayo risasi yake imetengenezwa kwa risasi iliyofunikwa shaba. Mwandishi wa sentensi hiyo hakukosea sarufi, wala hakukosea kamusi. Lakini mlinzi atakayeisoma hataambulia kitu.

Tumeona vema kulijibu swali hilo kwa makala badala ya orodha ya maneno, kwa sababu shida yenyewe ina historia. Si kweli kwamba Kiswahili hakikuwa na maneno ya kutenganisha vitu hivyo vinne. Kilikuwa nayo, na baadhi yake kiliyaacha njiani. Ni muhimu tujue yaliachwa kwa sababu gani kabla hatujakimbilia kubuni mengine.

Tuanze na maana za neno lenyewe. Risasi ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya asili ni madini: ile metali laini, nzito, ya kijivu, iyeyukayo upesi motoni. Kwa kuwa tangu zamani vidonge vya kupigia bunduki vilisubiwa kwa metali hiyo, jina la metali likahamia kwenye kidonge. Waarabu wenyewe walifanya hivyo hivyo. Baadaye jina likapanda tena, likashika kitu kizima kinachotiwa ndani ya silaha, yaani ganda pamoja na baruti yake na kidonge chake. Mwisho likawa jina la jumla la zana zote za namna hiyo, kama tusemapo kwamba kituo fulani kimeishiwa risasi. Hizo ndizo maana nne, kila moja imezaliwa na ile iliyoitangulia, na zote zingali hai. Tena iko ya tano, ambayo ni tendo: husemwa kwamba risasi mbili zilisikika usiku, na hapo hakuna aliyeona madini wala ganda.

Neno bunduki nalo lina safari kama hiyo. Asili yake katika Kiarabu ni jina la tunda dogo gumu la jamii ya kokwa, na vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde viliitwa kwa jina hilo kwa kuwa vilifanana na kokwa. Silaha ya baruti ilipokuja ilirithi jina la kile kilichorushwa. Basi katika maneno yetu mawili makuu ya elimu hii, moja limetoka kwenye umbo la kidonge na la pili kwenye madini yake. Tangu mwanzo kidonge ndicho kilichoongoza lugha.

Sasa tutazame bunduki za zamani, zile za kushindilia kwa mdomoni, ambazo wenyeji wa bara huziita magobore. Ilikuwapo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikaja ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Kisha ya fataki, iliyowashwa kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ilipukayo inapogongwa. Mwenye bunduki ya namna hizo alikuwa fundi nusu. Baruti aliibeba katika pembe, vidonge na fataki akavitia katika beti, kipochi cha ngozi kiunoni. Kidonge alikisubu mwenyewe kwa kumimina risasi iliyoyeyuka katika kalibu. Alipotaka kupiga ndege alitumia marisawa badala ya kidonge kimoja. Yote hayo aliyasukuma ndani kwa mdeki. Kila kitu kilipita mkononi mwake peke yake, na kwa hiyo kila kitu kilikuwa na jina lake. Hakuna mwindaji wa wakati ule ambaye angechanganya risasi na baruti, kwani aliyechanganya alilala njaa au alipoteza jicho.

Katika karne ya 19 ndipo ilipokuja zana mpya iliyokusanya vitu vyote hivyo katika umbo moja. Waswahili wa pwani na Unguja hawakushindwa kuipa jina. Waliiita kiasi, na wingi wake viasi. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha lugha kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1870, alilikuta neno hilo Unguja na kuliandika kuwa ni kiasi cha bunduki. Na bunduki iliyofunguliwa nyuma na kutiwa zana ya namna hiyo iliitwa bunduki ya viasi. Neno hili limefikiriwa vizuri. Lasema kwamba kilichomo ndani kimepimwa: baruti kiasi hiki, kidonge kimoja, hakuna kuongeza wala kupunguza. Twathubutu kusema kwamba jina hilo laeleza kazi ya kitu kuliko neno la Kiingereza, ambalo mizizi yake ni ya karatasi iliyokunjwa tu.

Tofauti hiyo haikuwa ya wanalugha peke yao. Mkataba wa Brussels uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Hata hivyo mkataba uliacha mlango: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Bunduki za kisasa na viasi vyake hazikuruhusiwa ila kwa watu wachache. Ukitazama kwa jicho la istilahi, mkataba ule uligawa bara zima kati ya watu wa gumegume na watu wa viasi. Miaka 15 baadaye, katika Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi mwaka 1905, ilionekana mgawanyo huo ulimaanisha nini mbele ya bombomu. Tena katika habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, risasi iliyotarajiwa kugeuka maji ni kile kidonge kirukacho. Hapo neno lilikuwa lingali na maana yake finyu.

Babati haikuwa mbali na mambo hayo. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani waliingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1914 wakiwa bado na bunduki za Mauser za mfano wa 1871, za milimita 11, zilizotumia baruti nyeusi. Moshi wake ulimfichua mpigaji mara tu alipopiga. Mwezi Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walipita Ufiome, yaani katika nchi hii hii ya Wagorowa, wakielekea Kondoa-Irangi, nao walikuwa na bunduki zenye baruti isiyo na moshi. Kwa hiyo katika msimu mmoja njia ile iliona vizazi vitatu vya zana: gobore la mwindaji, kiasi cha baruti nyeusi na kiasi cha baruti mpya.

Ikiwa neno kiasi lilikuwapo na lilifaa, limepotelea wapi? Rai yetu ni kwamba limeuawa na mambo mawili. La kwanza ni wingi wa kazi zake nyingine. Kiasi ni kipimo, ni wastani, ni idadi isiyotajwa. Mtu akisema ana kiasi cha risasi ishirini, msikilizaji husikia makadirio tu. La pili, ambalo twaliona kuwa ndilo kubwa, ni kwamba zana zilianza kuja zimekwisha kuundwa kiwandani. Askari wa kikoloni hakusubu wala hakupima chochote; alipewa idadi, akaitia katika silaha, akaihesabu jioni. Mtu asiyevifungua vitu hana haja ya majina ya vilivyomo. Basi jina la kile kiuacho na kilichoogopwa kuliko vyote likafunika kizima. Hayo hutokea katika lugha nyingi, wala si aibu. Hasara huja pale kazi mpya inapodai kuvifungua tena.

Fataki nayo ilipoteza kazi yake ya kale ikahamia kwenye sherehe na michezo ya watoto. Tangu kampeni ya redio ya mwaka 2008 hivi hapa Tanzania, wengi humfahamu Fataki kuwa ni mzee anayewanyemelea wasichana wa shule. Mtafsiri na akumbuke hilo kabla hajaliandika neno hilo bila maelezo.

Kazi mpya tuliyoitaja ni kuchagua. Mpaka mwisho wa karne ya 19 swali la kidonge kipi kitumike lilikuwa la mafundi. Likageuka kuwa swali la sheria kwa sababu ya kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta nchini India, ambako katika miaka ya 1890 Waingereza walitengeneza kidonge ambacho gamba lake la metali halikufunika ncha. Kilipoingia mwilini ncha ilipanuka na jeraha likawa baya mno. Mkutano wa The Hague ulitoa Azimio tarehe 29 Julai 1899 la kukataza vitani vidonge vinavyotanuka au kuwa bapa kwa urahisi katika mwili wa binadamu, kama vile vyenye gamba gumu lisilofunika kiini chote, au gamba lililochanjwa. Uingereza iliingia katika Azimio hilo mwaka 1907.

Bastola hazikusalimika. Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wametoa kwa bastola zao za Webley kidonge chenye shimo mbele, kilichokusudiwa kumsimamisha adui papo hapo. Kikaondolewa muda mfupi baadaye. Yale yale yakatokea tena kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: bastola yao ya kalibu ya .38 ilikuwa na kidonge cha madini laini kitupu chenye uzito wa gramu 13 hivi, kikabadilishwa kwa kidonge chenye gamba cha gramu 11.5, kwa hofu kwamba madini matupu yangehesabiwa kuwa yanavunja Azimio la The Hague. Mtu akiisoma habari hii kwa Kiswahili cha kawaida atasoma kwamba risasi ilibadilishwa. Hatajua kwamba ganda lilibaki lile lile, na kwamba kilichobadilika ni ile sehemu ndogo ya mbele. Na hapo ndipo penye hoja yote.

Hapa yatupasa kueleza kwa ufupi namna zana hii inavyofanya kazi, maana msamiati hauwezi kuwa bora kuliko ufahamu wa mwenye kuuunda. Zana moja ya bastola ina sehemu nne. Ya nje ni ganda, ambalo aghalabu ni la shaba ya manjano. Katikati ya kitako cha ganda imo fataki. Ndani imo baruti. Mdomoni mwa ganda kimebanwa kidonge. Kifyatulio kikivutwa, pini hugonga fataki, moto wake huwasha baruti, na hewa ya moto inayotokea hukisukuma kidonge kupitia mtutu. Mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu hukizungusha ili kiende sawasawa, nayo huacha michirizi juu yake. Ganda hubaki nyuma. Katika bastola ya kujitia yenyewe hutupwa kando. Katika bastola ya silinda hubaki tunduni mpaka mpigaji alitoe. Mfano unaojulikana kuliko yote ni ule uliobuniwa na Georg Luger, mzaliwa wa Austria, mwaka 1902, ambao kidonge chake kina kipenyo cha milimita 9 na ganda lake lina urefu wa milimita 19. Uzito wa vidonge vyake vya kawaida ni kati ya gramu 7.5 na 9.5.

Sasa, anayechagua zana kwa ajili ya polisi anatafuta nini? Kwanza, iwake kila igongwapo. Hilo latokana na fataki na baruti, wala halihusu kidonge hata kidogo. Pili, mshindo wake usimzidi nguvu askari, ili apige anapolenga. Tatu, kidonge kiingie mwilini kadiri ya kumzuia mshambuliaji, lakini kisitoke upande wa pili na kumpata mpita njia. Sharti hili la tatu ndilo lililoleta jambo linalowashangaza wengi wanaolisikia mara ya kwanza: kidonge kilichokatazwa vitani kimeruhusiwa mikononi mwa polisi wa nchi nyingi. Kidonge chenye gamba kamili hupenya na kuendelea. Kidonge kinachotanuka hutumia nguvu yake ndani ya mwili na aghalabu hukomea humo. Polisi wa jiji la New York walikuwa wakitumia vidonge vya gamba kamili katika bastola zao za milimita 9, na mwaka 1998 ikaamuliwa wahamie kwenye vile vya kutanuka, sababu kubwa ikiwa ni usalama wa watu waliosimama jirani.

Kutanuka nako kuna mpaka wake. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa FBI walipigana na majambazi wawili. Maofisa wawili wakauawa na watano wakajeruhiwa. Kidonge kimoja cha milimita 9 kilichompata mmoja wa majambazi mapema katika pambano kilitanuka kama kilivyokusudiwa, lakini kikakoma kabla ya kufika moyoni, na mtu yule akaendelea kuua. Tangu hapo FBI ikaweka kipimo cha jelatini: kidonge kiingie si chini ya inchi 12 wala si zaidi ya 18, yaani kama sentimita 30 hadi 45. Wakahamia kalibu kubwa zaidi, kisha katika mwaka 2014 na 2015 wakarejea kwenye milimita 9, kwa hoja kwamba ufundi wa vidonge umeendelea na kwamba askari wengi hupiga shabaha vizuri zaidi kwa silaha yenye mshindo mdogo. Miaka karibu 30 ya mjadala, na karibu yote yalihusu kidonge, si kiasi kizima.

Sheria za kimataifa nazo zimezidi kuyatenganisha mambo haya. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto kwa maofisa wa kusimamia sheria, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zataka kila nchi ikataze silaha na zana zinazoleta majeraha yasiyo ya lazima au hatari isiyo ya lazima. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, umekitaja kidonge kinachotanuka miongoni mwa makosa ya vita kati ya mataifa. Na mkutano wa Kampala wa mwaka 2010, jirani zetu hapa, ukapanua kosa hilo lifike kwenye vita vya ndani ya nchi. Hati ya Havana yahusu zana kwa jumla, nazo hati za The Hague, Roma na Kampala zahusu kidonge. Atakayezitafsiri zote kwa neno moja atakuwa amezifanya ziseme kitu kimoja, hali hazisemi kitu kimoja.

Nyumbani, Bunge lilipitisha sheria mpya ya kudhibiti silaha za moto na risasi mwaka 2015, nayo iliandikwa kwa Kiingereza kama ilivyokuwa desturi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, isipokuwa katika hali maalumu. Mabadiliko hayo tumeyashangilia, na kwa haki. Lakini yamehamisha mzigo. Zamani shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo hakimu alilazimika kuuliza: ni kitu gani hasa ulichokiona? Leo neno la shahidi laweza kuingia katika kumbukumbu jinsi lilivyo. Shahidi akisema, niliokota risasi tatu mlangoni, aliokota nini? Ikiwa ni tatu zisizopigwa, swali ni nani alizimiliki, na kwa kibali gani. Ikiwa ni maganda matatu, yaonyesha kwamba pale mlangoni, au karibu yake, palipigwa bastola. Ikiwa ni vidonge vitatu, basi mlango ulikuwa mahali palipopigwa, na michirizi ya vidonge yaweza kulinganishwa na mtutu wa silaha fulani. Ni njia tatu za kesi, na mwisho wa kila njia yuko mtu ambaye huenda akafungwa.

Kwa sababu hiyo twatoa mapendekezo yafuatayo, tukijua kwamba wasomaji wetu watayapima.

Risasi libaki kuwa jina la zana nzima. Tulijaribiwa sana kulifufua kiasi, kwa kuwa ni neno la wenyewe na lina hoja nzuri, lakini lugha imekwisha kuamua. Mwenye kibali aliyeandikiwa risasi 50 anajua kwamba ni zana 50 kamili, na hapana kamati itakayomfundisha vinginevyo. Kiasi tunalihifadhi kwa wanaofasiri maandiko ya karne ya 19, ambao hawana budi kulijua wasije wakadhani kwamba bunduki ya viasi ni bunduki ya wastani.

Sehemu irukayo iitwe kichwa cha risasi. Katika makala haya tumetumia kidonge kwa ajili ya historia, lakini kichwa cha risasi ndilo neno ambalo polisi wetu wanalo midomoni, na istilahi iliyokwisha kuota yenyewe haing'olewi. Ganda la risasi nalo limekwisha kukaa. Fataki irudi kazini, lakini iandikwe fataki ya risasi. Madini yenyewe yaandikwe madini ya risasi kila mara, hata pale inapoonekana kuwa ni kurudia. Kwa namna hiyo sentensi ya Nakwa itasomeka: risasi nzuri ni ile ambayo kichwa chake kimetengenezwa kwa madini ya risasi yaliyofunikwa shaba. Si sentensi tamu, lakini yaeleweka.

Kwa kipenyo cha mtutu tunapendekeza kalibu, lile lile jina la chombo cha kusubia. Wengine wataona ni ajabu. Hata hivyo wanalugha wengi wa Ulaya wanakubali kwamba neno lao la kipimo hiki limetokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupatia sisi kalibu. Wao walilipokea na kulipeleka kwenye mtutu, sisi tukaliacha katika karakana. Kuandika kaliba kwa kufuata matamshi ya Kiingereza ni kulikopa mara ya pili neno tulilo nalo nyumbani. Mtafsiri na akumbuke pia kwamba tarakimu za kalibu ni majina zaidi ya vipimo: kichwa cha risasi ya .38 kina kipenyo cha inchi 0.357, na anayeibadili .38 kuwa milimita 9.65 katika tafsiri yake ataleta kitu kisichokuwapo dukani wala ghalani.

Ugumu umebaki kwenye aina za vichwa. Kile kilichofunikwa chote tunakiita kichwa chenye gamba kamili. Tumeepuka ganda lisichanganywe na lile la nyuma. Kwa kile cha Dum Dum na ndugu zake wa leo, tulipima vitenzi vitatu. Kuchanua kinapendwa na baadhi ya wenzetu, kwa kuwa kichwa kilichotolewa mwilini hufanana kweli na ua lililofunguka. Sisi hatukipendi. Ua ni sifa, na hati ya serikali haifai kusifu jeraha. Kufumuka ni kitenzi chenye nguvu, lakini kitu kilichofumuka kimeachana vipande vipande, na msomaji ataelekea kuwaza mlipuko. Vichwa vya kulipuka vina sheria yao ya zamani zaidi: Azimio la St Petersburg la mwaka 1868 lilikataza vitani makombora ya kulipuka yenye uzito chini ya gramu 400. Ni kosa kubwa kuzichanganya sheria hizo mbili. Basi tumechagua kutanuka: kichwa cha kutanuka. Ni neno lisilo na rangi, na hiyo ndiyo sifa yake. Kile chenye shimo mbele, ambacho ni aina mojawapo ya hicho, kiitwe kichwa chenye shimo nchani.

Neno moja zaidi kuhusu kichwa cha ukurasa ule wa Nakwa. Mwandishi wa barua ameuliza kama aseme kujitetea, kujilinda au kujihami. Mahakamani kujitetea ni kujibu mashtaka kwa maneno, na mtu hajitetei kwa bastola. Kujilinda ni pana. Hata mwenye kufunga mlango amejilinda. Kujihami ni kurudisha shambulio lililokwisha kuanza au linalokaribia, na humo mna ule mpaka ambao sheria yetu ya adhabu inautaka, wa kutumia nguvu isiyozidi ile inayohitajika. Aandike kujihami.

Risasi za mpira, risasi baridi na risasi za moto tumeziacha kwa sasa. Zina matatizo yao, hasa hizo za mpira, ambazo jina lake lasema kwamba madini ni mpira, na ambazo mara nyingi hupigwa kwa silaha nyingine kabisa na si kwa bastola. Wasomaji walio katika majeshi na magereza watatusaidia sana wakituandikia majina wanayoyatumia ghalani, kila jina pamoja na maelezo ya kitu chenyewe, au mchoro wake ikiwezekana.